Simamisha Gari, Tuulize



Wengi wenu mmetupa pole kwa msiba wa mama yetu mdogo, aliyezikwa Kigamboni, Dar es Salaam. Tunawashukuru sana. Baadhi mliuliza kama mama yetu alipata kumuaga mdogo wake. Hakupata. Sababu yake hatukuieleza pale nje ya kanisa, ila tumeona afadhali tuiseme hapa, maana tunadhani haihusu nyumba yetu peke yake.

Tulitoka Morogoro kabla ya mapambazuko, watu watano ndani ya gari moja: kaka yetu mkubwa kwenye usukani, sisi tunaowaandikia pembeni yake, na nyuma mama, shemeji na mtoto wao wa miaka tisa. Safari ni ya kilomita 190 hivi, na Misa ya mazishi ilipangwa saa tano. Saa tatu tulikuwa Ubungo. Muda ulitosha, hata tukaanza kuzungumzia chai.

Kaka yetu anaijua Dar es Salaam, lakini ni Dar es Salaam ya zamani, ile ambayo aendaye Kigamboni hushuka hadi Magogoni na kuvuka kwa pantoni. Daraja la Nyerere lilifunguliwa pale Kurasini mwaka 2016, naye hakuwahi kulipita. Barabara za juu za Ubungo, zenye ngazi tatu, zilizinduliwa mwaka 2021, nazo hakuwa amezipita. Ilitupasa kushika Barabara ya Mandela, tupite Buguruni na TAZARA hadi darajani. Ramani ya simu tulikabidhiwa sisi. Mshale ulizunguka, magari yakapiga honi nyuma, nasi tukatamka "kushoto" kwa uhakika wa mtu asomaye Injili. Dakika chache baadaye tulikuwa tunaelekea Mwenge, kinyume kabisa.

Mama akasema kwa upole, "Mwanangu, simamisha gari, tuulize."

"Mama, mji huu naujua," kaka akajibu. Akaamua kuifuata njia yake ya zamani kupitia katikati ya jiji. Shemeji akasema, "Si nilikuambia jana uwapigie simu wenyeji?" Kaka akamjibu neno ambalo hatutalirudia hapa, na ambalo mume hapaswi kulitamka mbele ya mtoto. Mtoto akageuza uso akatazama nje, na kuanzia hapo hakusema kitu.

Mama alisema mara ya pili tulipokuwa Kariakoo. Katika Mtaa wa Msimbazi njia za katikati ni za mabasi ya mwendokasi, na vichochoro vya pembeni vingine huruhusu kuingia tu, vingine kutoka tu. Tuliingia kimojawapo kinyume, tukakutana uso kwa uso na msukuma mkokoteni aliyebeba magunia, naye akatuambia tulivyo. Hata huyo, ambaye bila shaka aliijua kila kona ya mahali pale, hatukumwuliza. Mara ya tatu mama aliposema, hakuna aliyemjibu. Hata sisi.

Tulifika saa nane kasoro. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa na mashada yamewekwa. Mama aliinama, akachota udongo kiganjani, akausogeza juu ya kaburi la mdogo wake, akafuta mkono kwenye khanga.

Ndugu wapendwa, kupotea katika mji mgeni si dhambi wala aibu. Sensa ya mwaka 2022 ililihesabia jiji lile watu zaidi ya milioni 5, na katika umati wote huo sisi hatukumwuliza hata mmoja kwa karibu saa tano. Wanaume wote tunaijua methali isemayo kuuliza si ujinga, na tunaihubiri, hadi siku tunapokamata usukani mbele ya wake zetu. Hapo usukani hugeuka kiti cha enzi, na kushusha kioo huonekana kama kushuka katika kiti hicho. Wako watakaosema kwamba mjini kuna matapeli. Ni kweli, nasi hatuwabezi. Lakini mama ntilie mwenye masufuria jikoni hana muda wa kukutapeli, wala mhudumu wa kituo cha mafuta. Uliza wawili, mahali pawili. Ni kweli pia kwamba operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilituletea nguzo zenye majina ya mitaa. Hata hivyo, watu wetu bado huelekezana kwa mwembe, kwa msikiti na kwa duka la kona, na mambo hayo huyapati bila kufungua kinywa.

Mtakatifu Luka anasimulia jinsi Maria na Yosefu walivyotembea mwendo wa siku nzima kabla ya kutambua kwamba Mtoto hayumo msafarani. Walianza kwa kuwauliza jamaa na wenzao, kisha wakarudi Yerusalemu. Hatusomi popote kwamba mmoja alimlaumu mwenzake, na Maria aliponena hekaluni alinena kwa niaba yao wote wawili. Shemeji yetu alikuwa na haki katika alilolisema, ila "si nilikuambia" haijawahi kugeuza gari. Nasi tunaohubiri amani ya nyumbani kila Jumapili, siku ile tuliinamia simu kana kwamba tunasali masifu, ili tusiulizwe tuko upande wa nani. Tumekwisha kumwomba mama msamaha. Kaka naye amemwomba mkewe, ingawa mtoto hakuwepo alipofanya hivyo, nasi tumemwambia kwamba alipaswa kuwepo.

Siku ya kurudi tulipitia darajani. Mama alikaa mbele, na simu ikawa mfukoni. Baada ya kulipa ushuru, kaka alisogeza gari pembeni bila kuambiwa na mtu, akashusha kioo, akamwita kijana wa bodaboda: "Samahani mdogo wangu, Ubungo tunafikaje?" Kijana alieleza kwa mikono yote miwili. Kule nyuma mtoto akarudia maelezo yote kwa sauti, asije akayasahau, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke Morogoro.