Ziba shambrere, lakini usizibe pineu iliyokufa

Siku chache zilizopita nilipanda pikipiki kutoka Butembo kwenda Beni. Tulikuwa watatu: motari, mimi, na mama mmoja aliyebeba mfuko wa maharagi. Tulipopita Maboya, pineu ya nyuma ikatoboka. Motari hakushtuka. Akafungua kiti, akatoa vifaa vyake, akavua gurudumu pale pale kando ya barabara. Nilipochungulia ndani ya pineu, niliona vipande viwili vya pineu ya zamani vimewekwa kufunika matundu makubwa. Kwa nje, upande unaokanyaga barabara, ilikuwa laini kama sahani.

Nikamuuliza: «Kaka, hii pineu huoni kama imeisha?»

Akajibu bila kuinua kichwa: «Papa, imeisha tangu zamani. Lakini versema haiishi.»

Jibu hilo limenifanya niandike. Butembo na Beni tunabishana kila siku, kwenye parkingi na mbele ya vibanda vya makwado: pineu ikitoboka, mtu azibe ao anunue ingine? Wengi wanajibu kana kwamba ni swali la fundi tu. Kwa maoni yangu ni swali la pesa, na zaidi ni swali la nani anabeba hatari. Kuziba si kosa. Kosa ni kuziba kitu ambacho hakizibiki tena, kisha kumpandisha mtoto wa watu juu yake.

Tuanze na haki ya kuziba. Pikipiki nyingi za huku kwetu zina janti ya rayo, na janti ya rayo inahitaji shambrere ndani. Msumari ukiingia katikati ya pineu, unaacha tundu dogo kwenye pineu na tundu lingine kwenye shambrere. Upepo unakaa kwenye shambrere, kwa hiyo shambrere ndiyo inayozibwa. Fundi akisugua vizuri, akapaka gundi, akangoja ikauke kidogo kabla ya kubandika, ao akichoma kiraka kwa moto inavyofaa, kazi hiyo inadumu. Kununua pineu mpya kwa sababu ya msumari mmoja ni kutupa pesa. Hapo motari ana haki kabisa, na wazee walisema zamani: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwado mzuri unamjua kwa jambo dogo. Kabla ya kurudisha shambrere, anapitisha vidole polepole ndani ya pineu akitafuta msumari ao kipande cha waya. Asiyefanya hivyo anaziba saa hii, na kilometa tano mbele unarudi kwake, kama utampata.

Kwa pikipiki zisizotumia shambrere, kanuni ni kali kidogo. Tundu likiwa katikati ya pineu na lisizidi milimita 6, linaweza kuzibwa. Lakini ile kamba ya mpira inayosukumwa kutoka nje, watengenezaji wengi wanaihesabu kama msaada wa kukufikisha nyumbani. Dawa yenyewe ni kuvua pineu na kuweka kiraka kutoka ndani. Na tundu likiwa ubavuni, hakuna kuziba. Ubavu wa pineu unajikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na kiraka hakiwezi kuvumilia mchezo huo.

Sasa tuseme ni pineu gani imekufa. Hakuna haja ya kuwa fundi ili kuitambua. Kwenye mifereji ya pineu nyingi kuna vituta vidogo vya mpira, na ubavuni kuna herufi TWI zinazoonyesha mahali vilipo. Mpira wa juu ukilingana na vituta hivyo, pineu imemaliza kazi. Ukiona nyuzi zimeanza kutokea, imeisha zamani. Ubavu ukiwa umekatika ao umevimba, imekufa hata kama juu ingali na meno. Shambrere nayo, ikichanika kwenye mzizi wa valve, haina kiraka. Na pineu ikihitaji kipande cha pineu ingine ndani ili isitoboke, inakuambia yenyewe kwamba imechoka.

Kuna namba zingine ambazo tunazipita tu. Pineu ya nyuma ya pikipiki nyingi za teksi hapa kwetu ni ya kipimo 3.00-17, na pembeni yake mara nyingi imeandikwa 50P. Hiyo 50 maana yake ni kilo 190: ndiyo mzigo wa juu ambao pineu hiyo imetengenezwa kubeba, ikiwa nzima na ikiwa na upepo wa kutosha. Tupige hesabu. Pikipiki yenyewe inapita kilo 100. Weka motari na abiria wawili, kisha mfuko wa maharagi. Tunafika kilo 350 bila shida, na sehemu kubwa ya uzito huo iko nyuma. Hata pineu mpya inaumia. Ile iliyoisha tunaiomba muujiza.

Watu wengine wanasema: «Barabara ni mbaya, hakuna mwendo, pineu mbovu haiwezi kuua.» Sikubali. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1 700, na Beni iko chini, kwenye mita 1 100 hivi. Kwenda Beni ni kuteremka na kukata kona, na mvua ikinyesha, udongo wetu unateleza kama sabuni. Pineu isiyo na meno haishiki kitu. Na pale barabara inapotengenezwa, mwendo unaongezeka. Tarehe 16 Juni 2021, marais wa Kongo na Uganda walizindua kazi za barabara kule mpakani Mpondwe, na kilometa 54 za Beni–Butembo zimo katika mradi huo. Tunaitaka barabara nzuri, lakini tujue kwamba lami haitasamehe pineu mbovu. Shambrere ikipasuka kwa kasi, hasa kwenye gurudumu la mbele, usukani hautii mkono tena.

Kuna hatari ingine ambayo mtu wa Kampala ao Nairobi hawezi kuifikiria haraka. Huku kwetu, mahali pineu inapotobokea ni jambo la uhai. Vijiji vya njia hii, Maboya mojawapo, vilishambuliwa na waasi wa ADF mwaka 2022. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ianze Mei 2021, tumezoea kupanga safari kwa kuangalia jua, na mara nyingi viongozi wamekataza pikipiki kutembea usiku. Saa nzima ya kuziba kando ya msitu, jua likiwa linashuka, si saa ya kawaida. Siku ile tulisimama mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyezungumza. Mama wa maharagi alikuwa anaangalia miti tu.

Basi, kwa nini motari anaziba? Si ujinga. Anaijua pineu yake kuliko mimi. Tatizo ni mpango wenyewe. Pikipiki ni ya mtu mwingine, na kila jioni motari anapaswa kumpelekea versema, mvua iwe ao jua. Mara nyingi wanapatana kwamba matengenezo madogo ni ya motari, na makubwa ni ya mwenye pikipiki. Pineu inaanguka katikati. Motari anasema ni kubwa, mwenye mali anasema ni ndogo. Wakiendelea kubishana, pineu inaendelea kuisha. Kuziba kunalipwa leo kwa franga chache kutoka mfukoni. Pineu mpya inakula faida ya siku kadhaa. Kila asubuhi hesabu inampa motari jibu lile lile: ziba. Lakini siku ambayo kiraka kinakataa, anayelipa ni motari mwenyewe, abiria, na familia zao hospitalini.

Kwa hiyo ninasema wazi: pineu iwe deni la mwenye pikipiki. Yeye ndiye mwenye mali, na mali inapochakaa inachakaa kwake. Shambrere na viraka vibaki kwa motari, kwa sababu yeye ndiye anayechagua njia na mzigo.

Ninawasikia wenye pikipiki wakijibu: «Nikimpa pineu mpya, ataiuza, atavalisha ya okazioni.» Woga huo una sababu, na tusiudharau. Lakini una dawa. Ubavuni mwa pineu nyingi kuna namba nne za tarehe ya kutengenezwa: 1422, kwa mfano, ni wiki ya 14 ya mwaka 2022. Andikeni kwenye daftari la mapatano jina la pineu, namba hizo nne, na siku ilipovalishwa. Wote wawili watie sahihi. Kila mwisho wa wiki, mwenye mali ainame aangalie: namba ni ile ile? Vituta vingali chini? Ni kazi ya dakika mbili. Namba hizo zitamsaidia pia siku ya kununua, ili asiuziwe kama mpya pineu iliyolala stoo miaka mingi.

Wengine watasema hawana pesa. Ninajua wenye pikipiki wengi si matajiri: ni mwalimu, ni mjane, ni kijana aliyeuza shamba la kahawa. Kwao ninapendekeza kitu tunachokijua tayari: likelemba. Tunafanya likelemba ya masufuria, ya mabati, ya karo ya shule. Kwa nini parkingi isifanye likelemba ya pineu? Wenye pikipiki kumi watoe kidogo kidogo kila wiki, na kila zamu mmoja apate pineu. Mashirika ya wamotari ya Butembo na Beni yana nguvu ya kupanga jambo hilo bila kungoja serkali. Kwenye bariyeri tunaulizwa karatasi. Pineu haiulizwi. Basi tujiulize wenyewe.

Na sisi abiria tuna sehemu yetu. Tunabishana na motari kwa franga mia tano, kisha tunapanda wawili pamoja na mfuko, bila hata kutazama chini. Kabla ya kupanda safari ndefu, inama. Angalia nyuma na mbele. Ukiona pineu laini, panda ingine, na umwambie kijana sababu kwa heshima. Akipoteza abiria wawili, watatu kwa ajili ya pineu, atakuwa na neno la kumwambia mwenye pikipiki jioni, na neno hilo litakuwa na uzito kuliko makala hii.

Tulifika Beni jioni, giza likiingia. Motari alipokea nauli yetu, akahesabu, akatenga ya versema mfuko mmoja na iliyobaki mfuko mwingine. Iliyobaki haikutosha pineu. Ilitosha kiraka.