Mnazi wa Wakfu na Programu ya Jumuiya



Wakati wa likizo tulivuka kwa mashua kutoka Mkoani kwenda Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho karibu na bandari, kumsalimu mzee mmoja Mwislamu ambaye mwanawe ni rafiki yetu. Tulikuwa mafrateri watatu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na minazi miwili. Mzee akatuambia: "Huu ni wangu, wanangu, naweza kuwapa hata mkaukata. Ule ni wakfu wa msikiti. Nazi zake hata mimi nazinunua."

Tulitazamana. Kwa wiki mbili tulikuwa tunabishana juu ya jambo hilohilo bila kuujua mnazi.

Tulikuwa tumetengeneza programu ndogo ya kuandika michango ya jumuiya ndogo ndogo. Kama wafanyavyo wengi, hatukuanza na mikono mitupu; tulichukua vipande vya programu huria vilivyoandikwa na wengine. Kimoja kilikuwa chini ya leseni ya Apache 2.0, kingine chini ya GPL toleo la pili. Vyote ni vya bure, tukaviunganisha, ikafanya kazi vizuri. Ndipo mfanyabiashara mmoja akataka kuinunua, aufunge msimbo wake na kuwauzia maparokia.

Tuliposoma leseni (tulipaswa kuanza na hilo) tukakuta tatizo ambalo hata mfanyabiashara hakulileta. GPL inasema: tumia, badilisha, gawa, ila ukigawa, mwenzako apate msimbo na uhuru uleule, na usimwongezee sharti jingine. Leseni ya Apache, ambayo kwa mambo mengi ni nyepesi, ina masharti yake kuhusu hataza. Kwa toleo la pili la GPL, la mwaka 1991, hayo ni masharti ya ziada. Hivyo vipande vile viwili haviwezi kugawiwa vikiwa programu moja. Toleo la tatu, la 2007, liliandikwa likaondoa mgongano huo, lakini waandishi wa kipande chetu walikuwa wameandika "toleo la pili tu". Wangaliongeza "au la baadaye", tusingalikuwa na kesi.

Leseni nyepesi zaidi, kama MIT au BSD ya vifungu vitatu, hazina ugomvi huo. Ni mnazi wa mzee: kesho anaweza kuutia katika wakfu, na hakuna wa kumzuia. Lakini ule wa msikiti hawezi kuutoa akaufanya wake. Msimbo wa MIT unaingia ndani ya kazi ya GPL. Wa GPL hauingii ndani ya kazi iliyofungwa.

Mmoja wetu alisema huo si uhuru, ni zawadi yenye kamba. Hatukubaliani naye. Kamba hiyo haimfungi anayepokea ili mtoaji afaidi. Inamlinda yule wa tatu ambaye hajafika bado. Darasani tunasoma kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba haki humtazama mwingine. Katekista atakayepewa programu hii miaka kumi ijayo naye ni mwingine.

Hatusemi kwamba leseni nyepesi ni za wasiofikiri. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliojengwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania Bara na Zanzibar, uko chini ya BSD, na umetoa huduma kubwa. Aliyetoa sadaka bila sharti ametoa. Tunachopinga ni kumchukulia aliyeweka wakfu kana kwamba alitoa sadaka.

"Nani atajua?" mwenzetu aliuliza. Pengine hakuna. Waandishi wa kipande kile hawatafika Pemba kukagua kompyuta ya parokia.

Tuliporudi tuliondoa kipande cha Apache, tukaweka kingine cha MIT kinachofanya kazi ileile. Siku nne, na usingizi kidogo. Mfanyabiashara tulimwambia kwamba kuuza anaruhusiwa, GPL haikatazi biashara, ila kila parokia inayonunua ipewe na msimbo. Alisema atafikiri. Hajatupigia tena, na programu tumeipeleka jumuiya mbili bila malipo.