TV kubwa kabla ya Kombe la Dunia: tupige hesabu kwanza

Kombe la Dunia linaanza Alhamisi ya Juni 11 kule Marekani, Kanada na Meksiko, na hapa Mombasa biashara ya TV kubwa imeshapamba moto. Ukipita mjini, madukani zimetundikwa za inchi 65 na 75, picha zake zang'ara hadi zakusimamisha njiani. Bei ya taslimu huandikwa kwa herufi ndogo. Kinachoandikwa kwa herufi kubwa ni kiasi cha kulipa kwa siku. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze wiki hii.

Barazani watu wanaulizana ni TV gani nzuri. Mimi naona tuanze na maswali mengine mawili: hiyo nyongeza ya pesa inanunua nini hasa, na pesa yenyewe inatoka wapi? Nimekaa na kalamu na karatasi, na jibu langu nalitoa mapema ili asiyetaka kusoma hadi mwisho alipate. Kwa nyumba nyingi za kwetu, TV ya inchi 50 au 55 iliyolipiwa taslimu inatosha. Ya inchi 65 kwenda juu, tena kwa mkopo, haina thamani ya bei yake.

Tuanze na nyumba zetu. Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala. Inchi 65 ni kama sentimita 165 za mshazari, na upana wake ni karibu mita moja na nusu. Kanuni rahisi ni kukaa mbali mara moja na nusu ya mshazari huo. Kwa inchi 65 hiyo ni mita mbili na nusu, kwa inchi 75 karibu mita tatu, na kwa inchi 55 mita mbili na kidogo.

Sasa chukua utepe upime sebule yako. Nyumba za zamani za Mji wa Kale na Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, yaani mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ukiondoa kochi na kabati, macho yako yako mita mbili tu kutoka ukutani. Fleti za siku hizi za Kisauni na Bamburi nazo nyingi si pana zaidi ya hapo. Kwa umbali huo TV ya inchi 75 itakulazimisha kugeuza shingo kuufuata mpira, kama aliyekaa safu ya mbele sinema. Na anayeishi katika nyumba ya mawe ya tumbawe na chokaa amwite fundi aukague ukuta kabla ya kutundika kitu kizito. Ukuta ule si zege.

La pili ni kile kinachoingia ndani ya hiyo TV. Karibu zote kubwa zinazouzwa leo ni 4K, yaani nukta 3,840 kwa 2,160, ambazo ni mara nne ya nukta za HD kamili. Lakini TV haiwezi kuonyesha nukta ambazo haikuletewa. Chaneli zetu za bure, zinazokuja kwa antena ya dijitali tangu mitambo ya analogi ilipozimwa 2015, hazirushwi kwa 4K. Ukiichukua picha ya kawaida ukaitandaza kwenye inchi 75, unachokuza ni kasoro zake. Uso wa msomaji habari utauona umepakwa ukungu, na mpira ukipigwa kwa kasi utauona una mkia.

Picha ile ya dukani inayokusimamisha njiani inatoka kwenye flashi, nayo imetengenezwa kwa kazi hiyo. Ukitaka 4K ya kweli nyumbani, njia ni intaneti. Netflix hushauri kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya aina hiyo, na saa moja yaweza kula hadi gigabaiti 7. Filamu ya saa mbili ni gigabaiti 14. Mwenye faiba ya kulipia kwa mwezi hatajali sana. Anayenunua bando kwenye simu ajue kwamba bando litakwisha shujaa wa filamu hajafa wala hajaoa.

Kwa hivyo ukienda dukani, nenda na flashi yako yenye kipande cha mechi ulichorekodi kutoka chaneli ya kawaida, umwambie muuzaji aiweke. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa. Muulize pia kama kioo chenyewe ni 4K au TV inapokea tu mawimbi ya 4K kisha inayapunguza, maana maneno hayo mawili huandikwa kwenye boksi kwa namna inayofanana. Na usichanganye QLED na OLED kwa sababu ya herufi moja. QLED ni kioo cha kawaida chenye taa nyuma yake kilichoboreshwa rangi. OLED kila nukta hujitolea mwanga wake, weusi wake ni weusi kweli, na bei yake ni nyingine kabisa. Kwa sebule yenye madirisha wazi na jua la Pwani la saa tisa alasiri, mng'ao wa kioo ni muhimu kuliko weusi wa usiku, na hapo ile ya bei ndogo mara nyingi hukufaa zaidi.

Wanaonunua zile za mtumba za ex-UK nawaongezea moja. Matangazo yetu hutumia mfumo wa DVB-T2. Baadhi ya TV za zamani kutoka Uingereza zina DVB-T peke yake, na hizo hazitashika chaneli bila king'amuzi. Iwashwe dukani, itafute chaneli mbele ya macho yako.

Tuje kwenye umeme. TV ya LED ya inchi 65 hula kama wati 130 hivi. Ukiiwasha saa tano kwa siku, ni karibu uniti 20 kwa mwezi. Kwa mwenye fleti yenye friji na pasi si mzigo mkubwa. Lakini tangu bei mpya za umeme za Aprili 2023, anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi yuko daraja la chini kabisa la bei. Nyumba inayoishi na taa, feni na redio ikiongeza uniti 20 inatoka daraja hilo, na kila uniti inapanda bei. Tena hesabu TV guard nzuri, kwa sababu umeme wetu hukatika, na mara nyingi madhara huja unaporudi. Kioo kikiungua au kikivunjika, bei ya kipya hukaribia bei ya TV nzima. Uliza waranti inahudumiwa hapa Mombasa au boksi lazima lipandishwe basi hadi Nairobi.

Sasa jambo lenyewe, mkopo. Tuchukue mfano wa TV ya shilingi 90,000 taslimu. Unaambiwa uweke 18,000 kisha ulipe 300 kwa siku kwa mwaka mmoja. Mia tatu ni pesa ya mboga na viazi, haitishi. Lakini 300 mara siku 365 ni 109,500. Ongeza zile 18,000 ufike 127,500. Umelipa 37,500 zaidi ya bei. Hiyo tofauti ingenunua TV nyingine ndogo, au ingelipa karo ya mtoto.

Wengi hunijibu kwamba kuuza kwa bei ya juu kwa malipo ya baadaye kunaruhusiwa katika dini yetu. Ni kweli wanazuoni wengi wameruhusu, kwa sharti bei iwe moja, ijulikane siku ya mkataba, isiongezeke tena. Ila soma mkataba wako. Je, aliyekuuzia ndiye mwenye TV, au kuna kampuni ya tatu iliyokukopesha pesa tu na kukudai zaidi? Ukichelewa siku kumi, deni linaongezeka? Likiongezeka kwa kuchelewa, basi hapo tumeingia kwenye riba iliyokatazwa wazi katika Suratul Baqara. Mimi si sheikh, mpelekee sheikh wako karatasi aione kabla hujatia sahihi. Tuna benki za Kiislamu nchini kwa zaidi ya miaka 15 sasa, na murabaha yao angalau hukutajia faida yao mwanzo. Lakini hata deni la halali ni deni, na wazee walishasema kukopa harusi, kulipa matanga.

Nakubali upande wa pili una hoja, na aliyeisema vizuri zaidi ni jirani yangu mwenye vijana watatu. Mechi za mwaka huu zitachezwa usiku wetu. Ya ufunguzi na fainali ya Julai 19 zote zinaanza saa nne usiku, na nyingine zitakwenda hadi alfajiri. Moroko, Misri, Aljeria, Tunisia na Senegali ziko ndani, vijana hawatalala. Yeye anasema afadhali wanawe watazame sebuleni kwake kuliko kwenye kibanda asichojua kina nani na kunatafunwa nini saa tisa za usiku. Mzazi yeyote wa Pwani anaelewa hofu hiyo, wala sina la kuipinga. Namuuliza tu: vijana watakaa nyumbani kwa sababu ya inchi 75, au kwa sababu kuna mechi, kuna chai na kuna baba aliye macho pamoja nao? Inchi 50 inatosha kwa kazi hiyo. Na muhula wa pili unaendelea, wa shule alale hata kama Moroko inacheza.

Anayenunua kwa ajili ya mashindano haya peke yake, nampa hesabu ya mwisho. Kombe zima lina mechi 104. Ukilipa shilingi 50 kila mechi kwenye ukumbi wa mpira, na usikose hata moja, utatumia 5,200. Ile nyongeza ya mkopo pekee ingekulipia kombe kama hilo mara saba.

Kuna pia jambo la ratiba yetu wenyewe. Idi ya kuchinja inakuja wiki mbili hivi kabla ya mechi ya kwanza, na nguo za watoto na mnyama vinatoka mfuko ule ule. Mpira nao hautaisha Julai. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zimepangiwa kuandaa Kombe la Afrika, na hilo litatuhusu zaidi kuliko hili. Anayeweka shilingi 150 kila siku kuanzia leo, kwa mwaka ana 54,750 zake mwenyewe, na hadaiwi na mtu.

Mimi nimeshapima sebule yangu: mita mbili na sentimita 20 kutoka kochi hadi ukutani. Nitanunua ya inchi 50, ya LED ya kawaida, pesa zikitimia. Zikitimia kabla ya fainali, alhamdulillahi. Zisipotimia, nitaitazama kwa jirani na nitabeba mahamri.