Dhahiri ya Gari na Batini Yake

BARAZANI
Na Bakari Mwinyimvua

Imeenea Uingereza shauku ya kununua gari la mizigo lililokwisha kutumika na kulitia mbao, kitanda, jiko na tangi la maji, hata likawa nyumba ndogo ya kwendea matembezi. Na ndugu zetu wanaoishi huko, walio hodari wa useremala na ufundi wa umeme, hawakosi kuionea tamaa kazi hiyo. Taabu huja baadaye, pindi yatakapohitajiwa mambo matatu, yaani kadi ya gari, ukaguzi na bima, ambayo watu wengi huyadhania kuwa ni jambo moja, ilhali kila moja lina mlango wake na bawabu wake.

Bawabu wa kwanza ni DVLA, idara ya usajili wa magari iliyoko Swansea, ambayo mwenye gari akitaka kadi yake iandikwe kuwa hilo sasa ni gari la kulala, humtaka apeleke kadi pamoja na picha za kazi aliyoifanya. Ndani patakikana viti na meza, mahali pa kulala, jiko na makabati, vyote vikiwa vimekazwa imara. Na nje patakikana madirisha mawili au zaidi katika ubavu mmoja, mlango wa pekee wa kuingilia chumbani, paa la juu lisilokunjika, chuma cha kufungia turubai la kivuli, na hata michoro ya mapambo mbavuni kote kuwili. Hoja ya idara ni kwamba kadi sharti ilieleze gari kama linavyoonekana barabarani, ili polisi apate kulitambua. Siibezi hoja hiyo, ila tokeo lake ni kuwa mtu aweza kuwa na kitanda na jiko vilivyotimia, kisha akanyimwa jina kwa ajili ya dhahiri ya gari, kadi yake ikabaki kusema kuwa hilo ni gari la mizigo lenye madirisha.

Bawabu wa pili ni ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, ambao hutazama breki, taa, magurudumu, mikanda na kutu ya chuma, lakini haukanyagi chumbani kuangalia mpira wa gesi wala nyaya alizozipitisha fundi nyuma ya mbao. Na huko chumbani ndiko iliko hatari yenyewe, kwani gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, nayo ikivuja hutuama sakafuni, na ndiyo sababu mtungi hutengewa kabati lake lenye tundu la chini la kuitolea nje. Na moto usiopata hewa ya kutosha huzaa sumu isiyo na harufu, inayomuua mtu usingizini. Fauka ya hayo kuna uzito, maana lita 100 za maji ni kilo 100, na kwa leseni ya kawaida gari halina ruhusa ya kupita kilo 3,500 pamoja na kila kilichomo. Wazee wetu walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nami nahofu kwamba serikali iliyoshughulika na michoro ya ubavuni imeukagua mkakasi kwa nje.

Amma bawabu wa tatu, naye ni mwenye bima, hafungwi na hukumu ya Swansea, kwani yako makampuni yanayokubali kulikatia gari bima ya gari la kulala hata kama kadi yasema vingine, almuradi yaelezwe ukweli na yaonyeshwe picha. Sheria ya mwaka 2012 juu ya bima za watu binafsi yamtaka mnunuzi ajitahidi kutosema lisilo kweli: akidanganya kwa makusudi, kampuni ina haki ya kuubatilisha mkataba na kushika fedha iliyokwisha kupokea, akikosea kwa uzembe, na ada aliyolipa ikawa nusu ya ile iliyompasa, basi fidia nayo yaweza kukatwa nusu. Kwa hiyo anayenyamaza ili aokoe ada kidogo huwa anaipunguza fidia ya nyumba yake mwenyewe kabla haijaungua.

Rai yangu ni kwamba Uingereza ingefanya vyema kuutazama mfano wa Ujerumani, ambako tangu mwaka 2025 mitambo ya gesi ya magari ya kulala hulazimika kukaguliwa kila baada ya miaka 2, ukaguzi unaofanywa na mjuzi anayeugusa mpira na kuupima mtungi wake. Lau sharti kama hilo lingewekwa badala ya lile la michoro, polisi asingepoteza kitu, na familia nyingi zingelala salama.

Nasi huku pwani tusidhani kwamba hayo ni ya wageni peke yao, maana kadi zetu za Kenya na Tanzania nazo hutaja aina ya bodi, na gari la mizigo likitiwa viti au vitanda pasipo mamlaka wala kampuni ya bima kuarifiwa, mwenye gari ndiye atakayejieleza siku ya ajali. Anayeazimia kazi hii na aanze kwa kumwandikia mwenye bima kabla ya kununua msumari, alipime gari mizanini likiwa limejaa maji na watu, kisha amwite fundi wa gesi asiyekuwa yeye mwenyewe. Michoro na iwe ya mwisho.