Rupia Bandia na Mizani ya Shule

Katika maduka ya vinyago na mapambo yaliyomo mjini Arusha si ajabu kukuta kisahani chenye sarafu nyeusi-nyeusi, zilizochanganywa na shanga na vikuku. Miongoni mwake huwamo rupia ya Mjerumani, yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma. Na pengine huwamo reale kubwa yenye sura ya mwanamke mnene aliyejitanda mtandio. Muuzaji akiulizwa zilikotoka hapungukiwi maneno. Zilifukuliwa shambani katika mitelemko ya Meru, au ziliachwa na babu aliyekuwa askari bomani. Habari hiyo yaweza kuwa kweli. Hata hivyo mnunuzi aliyeridhika na habari peke yake amenunua habari. Sarafu yenyewe bado hajaichunguza.

Jambo hili linashangaza zaidi kwa kuwa linatokea Arusha. Huu ni mji uliokua pamoja na biashara ya vito, tangu tanzanaiti ilipopatikana Mererani mwaka 1967. Dalali wa mawe hanunui jiwe kwa sababu ameambiwa lilichimbwa wapi. Hulitazama kwa kioo cha kukuzia, hulielekeza kwenye mwanga, hulipima. Lakini mtu huyo huyo, akionyeshwa kipande cha madini chenye mwaka 1893 juu yake, aghalabu husahau kioo kilichomo mfukoni mwake.

Wako wanaosema kwamba kutambua fedha ya kale iliyoghushiwa ni kazi ya wataalamu wa makumbusho makubwa ya Ulaya, na kwamba mwalimu au mwanafunzi wa sekondari hana la kufanya isipokuwa kubahatisha. Rai hiyo haina msingi. Sehemu kubwa ya bandia zinazozunguka sokoni ni kazi duni, na vifaa vya kuzikataa vimo katika maabara ya kidato cha pili.

Yafaa kwanza kujua kwamba rupia za kweli zipo. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia mwaka 1890, ikafuata kipimo cha rupia ya Kihindi iliyokuwa imekwisha zoeleka pwani: gramu 11.66, kipenyo cha milimita 30, na fedha halisi sehemu 917 katika kila 1,000. Serikali ya kikoloni ilipoanza kutoza kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, rupia hizo zilitafutwa kwa lazima hata mbali na pwani, na ndiyo sababu haishangazi zikionekana katika masanduku ya wazee. Kiswahili chenyewe kimezihifadhi kuliko udongo: neno hela ni heller ya Mjerumani, ambayo tangu mwaka 1904 ilihesabiwa 100 kwa rupia moja, badala ya pesa 64 za awali.

Historia hiyo ni kipimo cha kwanza, nacho hakihitaji mizani. Rupia zenye jina la Kampuni, pamoja na nembo ya simba na mnazi, zilichapwa hadi mwaka 1902. Zilizofuata, kuanzia 1904 hadi 1914, zina jina la koloni tu, na herufi ndogo A au J inayoonyesha kiwanda cha Berlin au cha Hamburg. Basi rupia yenye jina la Kampuni na mwaka 1911 imejihukumu yenyewe. Sarafu ya rupia mbili, ambayo ni adimu na kwa hiyo ina thamani kubwa kwa wakusanyaji, ilichapwa katika miaka miwili tu, 1893 na 1894. Mghushi asiyejua historia huandika mwaka unaompendeza.

Mghushi anayeijua historia anahitaji kukabiliwa kwa njia nyingine, na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kutegemea majaribio ya sokoni. Kuna anayeiuma sarafu. Kuna anayeiangusha juu ya saruji asikilize mlio wake. Kuna anayeleta sumaku, na sarafu isiponaswa hutangaza kwamba ni fedha. Sumaku haisemi hivyo hata kidogo. Ni kweli kwamba fedha hainaswi. Lakini shaba, risasi, bati, zinki, na aloi ya shaba na nikeli nazo hazinaswi. Sarafu iliyonaswa na sumaku ni bandia. Isiyonaswa haijathibitishwa kuwa kitu chochote. Tofauti hii kati ya kukanusha na kuthibitisha hufundishwa kwa shida darasani, na pengine ingeeleweka upesi zaidi kama ingefundishwa mbele ya kisahani cha sarafu.

Kipimo chenye nguvu ni densiti, yaani gramu zilizomo katika kila sentimita moja ya ujazo. Densiti ya fedha safi ni 10.5, na ya shaba nyekundu ni karibu 9.0. Rupia, ambayo ni fedha iliyotiwa shaba kidogo, ina densiti ya 10.3 hivi, kwa hiyo rupia nzima huchukua nafasi ya sentimita za ujazo 1.13. Sasa achukuliwe mghushi aliyetumia aloi ya shaba na nikeli, ambayo densiti yake ni 8.9. Akiifanya sarafu yake iwe na kipenyo na unene sawasawa na ule wa rupia, itakuwa na gramu 10 tu. Akitaka ifikie gramu 11.66, hana budi kuiongezea unene kwa karibu sehemu ya sita, na unene huo utaonekana kwa rula ya vernia. Akikimbilia risasi, sarafu ya kipimo hicho hicho itazidi gramu 12.5. Anaweza kuchanganya risasi na bati mpaka apate 10.3, lakini mchanganyiko huo ni laini kiasi cha kukwaruzwa na ukucha, na hauna mlio. Kila mlango anaoufunga humfungulia mwingine nyuma yake.

Hata hivyo kipimo chema kikitumiwa vibaya hudanganya kuliko macho. Mwanafunzi aliyefundishwa kutumbukiza jiwe katika silinda ya kupimia atataka kufanya vivyo hivyo kwa rupia. Silinda hiyo ikiwa na alama za sentimita moja moja, kosa la kusoma ni nusu sentimita kila upande; na nusu sentimita kwa kitu chenye ujazo wa sentimita 1.1 ni kosa kubwa mno. Densiti atakayoipata yaweza kuwa mahali popote kati ya 7 na 19, yaani kati ya bati na dhahabu! Jaribio la namna hiyo halifai kumtia mtu hatiani.

Njia iliyo bora ni kuweka bilauri ya maji juu ya mizani na kuandika uzito wake, kisha kuifunga sarafu kwa uzi mwembamba na kuining'iniza ndani ya maji ikazama kabisa bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaongezeka. Ongezeko hilo, kwa gramu, ndilo ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Ni kanuni ya Arkimedi iliyotazamwa kutoka upande wa maji. Kwa mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, rupia ya kweli itatoa 1.13 na ile ya shaba na nikeli yenye uzito huo huo itatoa 1.31. Shule yenye mizani ya mihimili mitatu isomayo sehemu ya kumi tu ya gramu haitakuwa na uhakika sana kwa rupia, lakini kwa reale, ambayo ni kubwa zaidi, tofauti itaonekana wazi. Mapovu ya hewa yanayong'ang'ania sarafu lazima yaondolewe, na tone moja la sabuni hutosha. Yakiachwa huongeza ujazo, na sarafu ya kweli huhukumiwa kuwa bandia. Pengine mwanafunzi wa Arumeru atauliza kama maji ya huko, yajulikanayo kwa wingi wa floridi, yataharibu hesabu. Hayataharibu. Floridi inayotosha kutia meno madoa ya kahawia hupimwa kwa miligramu chache katika lita, na mizani ya shule haiwezi kuihisi.

Uzuri wa densiti ni kwamba haijali uzee. Rupia iliyopita katika mikono ya watu kwa miaka mingi huchakaa, ikabaki na gramu 11.4 au pungufu ya hapo, na mnunuzi mwenye mizani peke yake huikataa kwa dhuluma. Lakini sarafu inapochakaa hupoteza uzito na ujazo kwa pamoja. Kiasi cha gramu kwa kila sentimita kinabaki pale pale.

Kioo cha kukuzia nacho kina kazi yake. Sarafu ya kweli hupigwa kwa chapa ya chuma yenye nguvu nyingi, hivyo herufi zake zina kingo kali na uwanda wake ni laini. Bandia nyingi husubiwa katika kalibu iliyofinyangwa juu ya sarafu halisi. Madini yakipoa hunywea, na sarafu hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake; vishimo vya mapovu huonekana usoni, na ukingoni hubaki mstari mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Tena kalibu hunakili kila kitu, hata majeraha. Zikipatikana rupia mbili zenye mkwaruzo ule ule juu ya shavu lile lile la Kaisari, hakuna haja ya kubishana.

Reale yaleta mashaka ya aina nyingine. Sarafu hiyo ya Malkia Maria Theresa wa Austria ina gramu 28.07, fedha sehemu 833 katika 1,000, na ukingoni maneno ya Kilatini yaliyoinuka yenye maana ya haki na huruma. Zote zina mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, kwa kuwa wafanyabiashara wa nchi za Bahari ya Shamu hawakukubali sura nyingine. Vienna iliendelea kuzichapa. Italia ikazichapa Rome kuanzia 1935, kisha zikachapwa London, Paris, Brussels na Bombay. Je, reale iliyochapwa London mwaka 1940 ni bandia? Madini yake ni kamili na ilitumika kama fedha halali ya biashara. Kuiita bandia ni kosa. Lakini anayeiuza kwa bei ya kitu cha karne ya 18 anaghushi kwa ulimi, na mizani haiwezi kumkamata.

Kosa la kinyume huwapata wenye shilingi za Mfalme George wa Tano. Hizo zina fedha robo tu, nazo zikichakaa huonyesha wekundu wa shaba. Wengi huzitupa wakidhani wametapeliwa, ilhali ndivyo zilivyotengenezwa.

Mambo haya yangekuwa mchezo wa wakusanyaji tu, kama si uvumi. Katika sehemu nyingi za Tanzania zimeenea habari za mali iliyofukiwa na Wajerumani, na pamoja nazo madai kwamba rupia fulani ina nguvu za ajabu na hununuliwa kwa mamilioni na tajiri asiyeonekana. Mtu huuza mbuzi au mavuno ili apate kitu ambacho mwanafunzi mwenye uzi na bilauri angekikataa katika dakika kumi. Na mwenye rupia ya kweli, akitaka ionekane safi kwa mnunuzi, huisugua kwa mchanga au majivu. Weusi ule ni salfaidi ya fedha, ngozi iliyoota kwa miaka. Kuuondoa ni kukwangua pia maandishi, na sarafu iliyosuguliwa mkusanyaji haitaki.

Hapana budi kukiri kwamba iko bandia isiyokamatwa na densiti: ile iliyopigwa kwa chapa mpya juu ya fedha yenye kiwango kile kile. Mashine za miale ya eksi zinazotambua elementi zaweza kuisaidia mizani, lakini nazo husoma utando wa juu tu. Sarafu ya shaba iliyopakwa fedha nene huweza kuzipita, na hiyo ndiyo ambayo bilauri ya maji huikamata mara moja. Kwa bandia ya fedha halisi kinachobaki ni kuilinganisha, herufi kwa herufi, na rupia ya mwaka ule ule isiyo na shaka. Kwa hiyo shule iliyo na rupia moja ya kweli katika kabati lake, iliyopimwa, ikaandikwa uzito na ujazo wake, na isiyosuguliwa na mtu, ina kifaa kisichopatikana katika orodha ya muuza vifaa yeyote.