Darasa Mubashara Lisilomsubiri Mwalimu

Wapo wasomi wanaoamini kwamba elimu ya masafa ilikombolewa siku mhadhiri alipowasha kamera. Kwao, anayelalamikia darasa mubashara ni mvivu au adui wa teknolojia. Napingana nao.

Kuwaandaa walimu kwa masafa si jambo geni Tanzania. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipohitaji walimu wengi kwa haraka, maelfu waliandaliwa wakiwa vijijini, wakifundisha huku wakijifunza kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowafikia huko huko. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, lakini ulisimama juu ya kanuni ya haki: elimu imfuate mwalimu.

Darasa mubashara limeipindua kanuni hiyo. Sasa mwalimu ndiye anayeikimbilia elimu. Baada ya kutwa nzima ya vipindi na kusahihisha madaftari, anapanda kilima usiku kutafuta mtandao, kwa bando alilonunua kwa fedha yake. Sauti inakatika, picha inaganda, anatupwa nje; akirejea, mada imekwisha pita. Kisha mahudhurio yanahesabiwa, naye anaandikwa kuwa hakuwapo. Hapo tunapima nini: bidii ya mwanafunzi au nguvu ya mnara wa simu?

Nitajibiwa kwamba serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Ni hatua njema. Hata hivyo, kishikwambi bila bando ni jembe lisilo na mpini.

Sisemi darasa mubashara lifutwe. Humo swali hujibiwa papo hapo, na upweke wa anayesoma peke yake hupungua. Kwa sababu hiyo hasa, lisigeuzwe kuwa haki ya walio karibu na mnara. Kila kipindi kirekodiwe na kitolewe pia kwa sauti pekee, ili kipakuliwe kwa gharama ndogo. Kuhudhuria mubashara kusitolewe alama. Gharama ya bando iingie katika bajeti ya chuo, kama ilivyo kwa umeme wa kumbi za mihadhara.

Mwalimu hufundisha kama alivyofundishwa. Tukimzoesha leo kwamba asiyesikika hayupo, kesho atamhesabu hivyo hivyo mtoto aliyekaa kimya kwenye dawati la nyuma.