Uaminifu wa Mafaili Hautokani na Ubora wa Mashine

Imezoeleka kudhani kwamba data zikipotea au zikiharibika ndani ya kompyuta, sababu yake ni ubovu wa mashine, na dawa yake ni kununua mashine iliyo bora zaidi. Dhana hiyo ina ukweli kiasi pale ambapo kazi yote hufanywa na kompyuta moja. Lakini kazi kubwa za siku hizi hazifanywi hivyo. Hugawanywa kati ya kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa mtandao, na data hupita katika hatua kadhaa: programu moja huandika faili, ya pili hulisoma na kuandika jingine, na ya tatu huendelea kutoka hapo mpaka jibu lipatikane. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika mazingira hayo uaminifu wa mafaili hutokana na utaratibu wa kuyaandika na kuyasoma, na kwamba utaratibu huo unastahili kufundishwa katika shule zetu za sekondari.

Tuanze na hesabu nyepesi. Tuseme kwamba kompyuta moja huharibika, kwa wastani, mara moja katika siku 1,000, yaani muda unaokaribia miaka mitatu. Mwenye kompyuta hiyo moja ataisifu kuwa ni imara. Lakini mwenye kompyuta 1,000 za aina hiyo hiyo atapata, kwa wastani, hitilafu moja kila siku. Akigharimia mashine zilizo imara maradufu, atapata hitilafu moja kila baada ya siku mbili, na bado hatakuwa ameondokana na tatizo. Kwa hiyo mtu anayetengeneza mfumo wa kompyuta nyingi hana budi kukubali tangu mwanzo kwamba wakati wowote kipo kitu kilichoharibika, na kupanga kazi yake kwa kuzingatia hali hiyo.

Wahandisi wa kampuni ya Google waliifuata njia hii waziwazi. Mwaka 2003, Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung walieleza mfumo wao wa kuhifadhi mafaili makubwa, ambamo kila faili hukatwa vipande vya megabaiti 64, na kila kipande huwekwa, kwa kawaida, nakala tatu katika kompyuta mbalimbali. Mwaka uliofuata, Jeffrey Dean na Ghemawat walieleza mfumo wa kuchakata data uitwao MapReduce. Katika jaribio lao moja la kupanga rekodi nyingi kwa mfuatano, waliziua kwa makusudi programu 200 kati ya 1,746 zilizokuwa zikifanya kazi. Kazi haikuharibika. Ilimalizika kwa sekunde 933 badala ya 891, yaani nyongeza ya takriban asilimia 5 tu. Zaidi ya moja ya kumi ya watenda kazi walitoweka katikati ya shughuli, na jibu likatoka sahihi. Yatupasa kuuliza ni utaratibu gani ulioliwezesha jambo hilo.

Hatari ya kwanza ni faili lililoandikwa nusu. Tuchukue mfano wa kubuni. Wilaya moja ina zahanati 40, na kila mwezi programu moja hukusanya taarifa zao za chanjo na kuziandika katika faili moja. Programu ya pili hulisoma faili hilo, hujumlisha, na hesabu yake hutumika kuagizia dozi za mwezi ujao. Siku moja umeme unakatika wakati programu ya kwanza imeandika mistari 25. Umeme unaporudi, programu ya pili inalikuta faili mahali pake, lenye jina lake sahihi. Inalisoma, inajumlisha mistari 25, na kutoa jibu bila kulalamika. Hakuna kengele iliyolia. Lakini mwezi ujao watoto wa zahanati 15 wanafika na mama zao na kukuta dozi hazitoshi. Faili lililopotea kabisa lingekuwa na madhara madogo zaidi, kwa sababu kutokuwapo kwake kungeonekana mara moja.

Dawa yake ni rahisi. Programu inayoandika hailipi faili jina lake la mwisho tangu mwanzo. Huliandika kwanza kwa jina la muda, na ikiisha kuandika mstari wa mwisho, huiamuru kompyuta ihakikishe kwamba yaliyomo yamefika kwenye diski. Agizo hilo ni la lazima, maana kompyuta inaposema kwamba imeandika, mara nyingi maandishi yangali katika kumbukumbu ya umeme tu, ambayo hufutika umeme ukikatika. Baada ya hapo ndipo jina la muda hubadilishwa kuwa jina la mwisho. Katika mifumo mingi ya mafaili, kubadilisha jina ndani ya diski ile ile ni kitendo kisichogawanyika: ama kimetendeka chote, ama hakikutendeka kabisa. Msomaji basi hukuta faili kamili au hakuti faili. Mfumo wa MapReduce uliutegemea utaratibu huu huu, hata kazi moja ilipofanywa na kompyuta mbili kwa bahati, faili la mwisho likawa na matokeo ya moja tu kati yao.

Hatari ya pili ni kutojua. Kompyuta A imeituma kompyuta B iandike faili, na jibu halirudi. Je, agizo halikufika? Au lilifika, faili likaandikwa, na jibu ndilo lililopotea njiani? Kwa A, hali hizo mbili hazina tofauti. Wanasayansi walilieleza tatizo hili kwa maandishi mwaka 1975, na mwaka 1978 Jim Gray akalipa jina la kitendawili cha majemadari wawili. Majemadari hao wamepiga kambi juu ya vilima viwili na wanataka kushambulia kwa pamoja, lakini tarishi wao hupita katika bonde la adui na huenda akakamatwa. Aliyetuma ujumbe anahitaji jibu. Aliyejibu anahitaji kujua kwamba jibu lake limefika. Na mlolongo huo hauna mwisho. Imethibitishwa kwamba hakuna idadi yoyote ya matarishi itakayowapa wote wawili uhakika kamili.

Wasomaji wengi wanakijua kitendawili hiki bila kukijua kwa jina. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, watu wengi wameshawahi kutuma fedha na kukaa wakisubiri ujumbe wa uthibitisho usiokuja. Mwenye pupa hutuma tena, na pengine hulipa mara mbili. Mwenye busara huangalia kwanza salio lake.

Kwa kuwa uhakika kamili haupatikani, njia iliyobaki ni kukifanya kitendo kiwe cha namna ambayo kukirudia hakudhuru. Agizo la kusema "ongeza dozi 30 kwenye jumla" ni la hatari, kwa sababu likirudiwa jumla huongezeka kwa 60. Agizo la kusema "taarifa ya zahanati namba 12 ya mwezi wa Machi ni dozi 30" halina hatari hiyo. Lirudie mara kumi, matokeo ni yale yale. Hali kadhalika, faili la matokeo lipewe jina kutokana na kazi iliyolizaa, kwa mfano mwezi na namba ya zahanati, wala lisipewe jina kutokana na saa lilipoandikwa. Kazi ikirudiwa, faili jipya litachukua nafasi ya lile la zamani, na hayatakuwapo mafaili mawili ya kuhesabiwa mara mbili.

Hatari ya tatu, nayo ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, ni uharibifu wa kimya. Mwaka 1984, Jerome Saltzer, David Reed na David Clark wa chuo cha MIT huko Marekani walichapisha makala yenye kisa cha mafunzo makubwa. Mtandao wa chuoni hapo ulikuwa ukikagua data katika kila kipande cha njia, na watengenezaji wa programu wakaridhika kwamba ukaguzi huo umetosha. Lakini kompyuta moja iliyokuwa njia panda ilipata hitilafu ndani yake: ilipokuwa ikihamisha data kutoka upande wa kupokea kwenda upande wa kutoa, ilibadilishana nafasi jozi ya baiti, takriban mara moja katika kila baiti milioni moja. Ukaguzi wa njiani haukuona kitu, kwa sababu kosa halikutendeka njiani. Mafaili ya programu kuu ya kuendeshea kompyuta yalipitishwa hapo mara nyingi, na baadhi yakaharibika. Wenyewe walilazimika kuyalinganisha kwa macho na nakala za zamani zilizochapwa kwenye karatasi.

Wahenga walisema, mtumai cha nduguye hufa maskini. Kila kituo kilitumainia ukaguzi wa mwenzake, na hapana aliyekagua safari nzima. Ukaguzi unaotegemewa ni ule wa mwanzo na mwisho: mwandishi wa faili hukokotoa namba ya ukaguzi kutokana na yaliyomo, na msomaji wa mwisho huikokotoa tena na kuzilinganisha. Mfumo wa Hadoop, ulioanza mwaka 2006, huweka namba ya namna hiyo, kwa kawaida, kwa kila baiti 512. Msomaji akikuta tofauti, huiacha nakala ile na kusoma nyingine.

Hapa mwalimu wa hisabati anayo nafasi nzuri. Awaulize wanafunzi: je, inatosha kujumlisha tarakimu? Alama 57 ikiandikwa kwa makosa 75, jumla ya tarakimu ni 12 katika hali zote mbili, na kosa limepita. Sasa kila tarakimu izidishwe kwa namba ya nafasi yake. Kwa 57 tunapata 1×5 + 2×7 = 19; kwa 75 tunapata 1×7 + 2×5 = 17. Kosa limenaswa. Namba za ISBN zenye tarakimu kumi, zilizotumika katika vitabu hadi mwisho wa mwaka 2006, zilifuata kanuni ya jinsi hii: tarakimu huzidishwa kwa 10, 9, 8 na kuendelea hadi 1, na jumla yake lazima igawanyike kwa 11. Kwa kuwa 11 ni namba tasa, tarakimu yoyote moja iliyokosewa, au tarakimu mbili zozote zisizolingana zilizobadilishana nafasi, hugunduliwa. Vitabu vya zamani katika maktaba ya shule vinatosha kwa zoezi hilo.

Yafaa kuonya kwamba utaratibu mzuri ukihamishwa mahali pasipofaa hugeuka mtego. Hifadhi ya S3 ya kampuni ya Amazon, iliyoanza mwaka 2006, inatumiwa mno katika kazi za namna hii. Lakini katika hifadhi yake ya kawaida, kubadilisha jina kwa kweli ni kunakili faili lote kisha kufuta lile la kwanza, na kitendo hicho kinaweza kukatika katikati. Tena, hadi Desemba 2020, aliyesoma mara baada ya faili kuandikwa upya angeweza kupewa yaliyomo ya zamani. Aliyeukariri utaratibu wa jina la muda bila kuelewa sababu yake alipata hasara. Aliyeelewa alitafuta njia nyingine: kuandika mafaili yote kwanza, na mwisho kabisa faili dogo la orodha, lenye majina na namba za ukaguzi. Wasomaji hulisoma orodha, na kisichotajwa humo hawakigusi.

Watakuwapo watakaosema kwamba kuweka nakala kunatosha. La hasha. Faili lililoandikwa nusu likinakiliwa mara tatu, tunapata mafaili matatu ya nusu. Nakala hulinda dhidi ya kupotea. Hailindi dhidi ya kukosea. Wengine watasema kwamba ukaguzi hula muda na fedha. Hilo ni kweli, na si kila faili linastahili gharama hiyo. Lakini gharama ya ukaguzi hujulikana mapema na huwekwa katika bajeti, ilhali gharama ya kosa la kimya humwangukia mtu ambaye hakushiriki katika uamuzi, kama yule mama aliyefika zahanati akakosa dozi.

Mahali pengi, somo la kompyuta shuleni limekuwa ni kujifunza kuandika barua na kupanga majedwali. Ustadi huo unafaa, lakini programu hizo hubadilika kila baada ya miaka michache. Mambo tuliyoyaeleza hayahitaji hata maabara. Mwalimu aligawe darasa katika vikundi vinne vinavyopelekeana jumla za namba kwa vikaratasi, na bila kutangaza azuie kikaratasi kimoja, akipeleke kingine mara mbili, na cha tatu akichane katikati. Kisha awaache wanafunzi wabuni kanuni zitakazowapa jibu sahihi licha ya hila zake. Kikundi kitakachofaulu kitakuwa kimejenga kwa mikono yake msingi ule ule unaobeba mifumo mikubwa ya data duniani, na kitakuwa kimeelewa kwa nini neno "imeandikwa" halipaswi kuaminiwa kabla halijakaguliwa.